Umeandikiwa amitriptilini? Soma kabla ya kumeza cha kwanza

Hapa dirishani ninapotolea dawa, wengi walioandikiwa amitriptilini kwa ajili ya sonona huniuliza: "Si ndiyo kama Valium tu?" Siyo. Zote zinalaza, lakini kila moja ina njia yake.

Ubongo una kemikali ya kuutuliza, inaitwa GABA. Ikishika kipokezi chake kwenye seli ya neva, kloridi huingia ndani na seli inapunguza kurusha ishara. Valium huipa GABA nguvu zaidi muda huohuo, na pombe nayo hupita palepale, iwe Konyagi, iwe mnazi. Amitriptilini kazi yake ni nyingine: huzuia serotonini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo, zisinyonywe upesi na seli zilizozitoa. Usingizi wake hutokana zaidi na kuziba vipokezi vya histamini, kama Piriton ya mafua.

Kwa hiyo imeze usiku, muda mfupi kabla ya kulala. Usingizi utauona mapema. Sonona yenyewe kupungua huchukua wiki mbili hadi nne, pengine zaidi, na hapo katikati ndipo watu huacha au hujiongezea kidonge. Usifanye lolote kati ya hayo.

Kujiongezea ndiko kunakonitisha. Dawa hii ikizidi sana mwilini huvizuia hata vipokezi vya GABA, mtu akapata degedege. Na moyo nao huvurugika mapigo. Ndiyo maana nitakuuliza kama umewahi kuugua kifafa, hata utotoni. Usione ni umbea, mzee wangu. Vidonge vifungie kabatini: vingi vimepakwa rangi, na mtoto huviona peremende.

Kama umezoea Valium kila usiku, niambie. Ukiikata ghafla unaweza kupata degedege vilevile, kwa hiyo daktari ataipunguza kidogokidogo. Pombe iache kabisa. Ikikutana na dawa hizi, usingizi huzidi na pumzi inaweza kulegea.

Ipo dawa ya sonona inayokwenda moja kwa moja kwenye kipokezi cha GABA: zuranoloni, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2023 kwa kina mama waliojifungua. Humezwa jioni, pamoja na chakula chenye mafuta, kwa siku 14, na hairuhusiwi kuendesha gari kwa saa 12 baada ya kila dozi. Rafuni kwangu haipo.

Amitriptilini yako itakukausha mdomo; piga funda la maji mara kwa mara. Mkojo ukigoma kutoka, rudi hospitali siku hiyohiyo.