Ufunguo Kwanza, Kisha Mtungi wa Gesi
Kwa anayeishi katika nyumba za ghorofa za Nairobi, ambako madirisha mengi yana vyuma na mlango hufungwa kwa kufuli usiku, jambo la kwanza la kupanga kwa ajili ya dharura kama moto si kizimamoto bali ni ufunguo: utundikwe mahali pamoja karibu na mlango, pasipofikiwa na mkono wa mtu aliye nje, na kila mwenye umri wa kutosha nyumbani, pamoja na msaidizi wa kazi, ajizoeze kuufungua mlango huo gizani.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inapovuja hutanda sakafuni badala ya kupaa. Ukinusa harufu yake, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, wala usiwashe au kuzima swichi yoyote, kwa maana cheche moja inatosha kuilipua. Mpira wa gesi hukaguliwa kwa povu la sabuni; anayeukagua kwa kiberiti, hata akijiita fundi, asiruhusiwe kuingia jikoni.

Matetemeko makubwa ni nadra, lakini Bonde la Ufa liko karibu, na tetemeko la mwaka 1928 la Subukia, katika bonde hilo, lilikuwa kubwa kweli. Kabati refu lifungiwe ukutani. Ardhi ikitikisika, jikinge chini ya meza imara hadi mtikisiko ukome, ndipo ufunge gesi na kushuka kwa ngazi, si kwa lifti. Nambari za dharura ni 999 na 112.