SOMO: Pingi kubwa, ulenge wapi kwenye Counter-Strike 2?

Wakuu, swali la "nimempiga kabisa, mbona hafi?" linarudi kila wiki kwenye gemu hii ya kupigana risasi mtandaoni. Naliweka hapa ili nielekeze watu mahali pamoja.

1. Bonyeza Tab mchezoni, usome pingi yako, yaani milisekunde ambazo data inatumia kwenda kwenye seva (kompyuta inayoendesha mchezo) na kurudi.

2. Tumia waya badala ya Wi-Fi.

3. Kwenye mipangilio ya gemu, shusha kiwango cha pingi unachokubali, ili usitupwe seva ya mbali. Dar hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,500 kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya faiba hukimbia takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 25, na kebo za baharini hazinyooki. Hakuna programu ya kulipia itakayokushusha chini ya hapo.

4. Lenga mwili unaouona. Hapa ndipo wengi wanaharibu, kwa sababu wameambiwa "pingi ikiwa kubwa, lenga mbele yake". Hilo lilikuwa sahihi enzi za QuakeWorld, toleo la mtandaoni la gemu ya Quake, 1996. Counter-Strike ina fidia ya ucheleweshaji: seva inakumbuka kila mchezaji alikuwa wapi, na risasi yako ikifika inawarudisha wapinzani pale ulipowaona ulipobonyeza, ndipo inapima. Anayekimbia na kisu huenda yuniti 250 (vipimo vya umbali vya gemu) kwa sekunde. Ukiwa na pingi 100 ukamtangulia "kufidia", risasi inapita yuniti 25 mbele ya katikati yake, na mwili mzima una upana wa yuniti 32. Umekosa mwenyewe.

ONYO: fidia hii si ya kila silaha. Mabomu ya kurusha, au roketi za gemu nyingine, Team Fortress 2, hayarudishwi nyuma. Hayo ndiyo ya kutangulizia.

ONYO: pingi inayoruka 60 hadi 180 ni mbaya kuliko 120 iliyotulia. Tibu mruko kwanza.

MASWALI

— Mkuu, nina pingi 140, nilenge mbele kiasi gani?
— Hatua ya 4.

— Nimesoma, bado nakosa. Seva zinatuonea.
— Unapiga huku unakimbia? Risasi zinatawanyika ukiwa kwenye mwendo. Simama kwanza, seva tutailaumu baadaye.

— Kwa nini nauawa nikiwa nimeshajificha nyuma ya ukuta?
— Swali zuri sana. Kwenye skrini ya aliyekupiga ulikuwa bado nje, na seva ikamkubalia. Ndiyo gharama ya fidia. Ila nawe inakufaa: anayechungulia humwona anayesubiri kabla hajaonwa. Kwa hiyo ukiwa na pingi kubwa usigande kwenye kona kumngoja mtu, chungulia wewe.

— Asante! Na pingi ikipanda kila mtu nyumbani anapofungua video?
— Foleni ya data inajaa ndani ya ruta. Kama ina SQM (mfumo wa kupanga foleni hiyo) iwashe, uweke kikomo asilimia 85 hadi 90 ya kasi yako halisi, kupakia na kupakua.
— Naongezea: kwenye OpenWrt, mfumo huria wa kuendesha ruta, SQM ni kifurushi cha kusakinisha tu, hununui ruta mpya.