Kuieleza skizofrenia kwa familia ya mgonjwa, Lamu: kuanzia jeni hadi kipimo cha sukari

Mwongozo huu ni wa wauguzi wapya na wahamasishaji wa afya wanaozuru nyumba za Lamu, Shela hadi Faza. Daktari ameshathibitisha ugonjwa huu wa akili, na sasa familia inakuuliza: mtoto wetu ana nini?

Hatua ya 1: Wasikilize. Utaambiwa ni jini, ni husuda, ni muguka. Usibishane. "Bimkubwa, dua iendelee na dawa iendelee" inatosha kwa siku ya kwanza. Kufungwa kamba na kupigwa ndiko kusikovumilika. Hapo sema wazi.

Hatua ya 2: Eleza ubongo unavyokula. Ubongo wa mtu mzima ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya nishati yake, na chakula chake kikuu ni glukosi, yaani sukari ya damu. Mwaka 1974 Ingvar na Franzén, huko Sweden, waliripoti kwamba kwa wagonjwa wa muda mrefu damu haikuelekea sana sehemu ya mbele ya ubongo kama kwa watu wengine. Sehemu hiyo ndiyo tunayopangia mambo na kujizuia. Mama aliyekuwa akimwita mwanawe mvivu huanza kunyamaza hapa.

Hatua ya 3: Ingia kwenye jeni, polepole. Seli za mwili zina jeni zile zile. Zinatofautiana kwa jeni zipi zinafanya kazi, na kwa kiasi gani. Mimi hutumia kandili: mafuta yamo, kioo kizima, ila utambi umeshushwa. Watafiti waliopima ubongo wa marehemu waliokuwa na skizofrenia wamekuta mara nyingi kwamba katika sehemu ya mbele utendaji wa jeni kadhaa za mitokondria, zinazoipa seli nishati, umeshuka. Umeshuka pia wa GAD1, inayosaidia kutengeneza GABA, kemikali ya kutuliza neva. Nyingine zimepanda. Mwaka 2016 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba aina za jeni C4, jeni ya kinga ya mwili, zinazoongeza hatari ya ugonjwa huifanya C4A, mojawapo ya sura zake, itende kazi zaidi ubongoni. Na kwa panya, C4 hushiriki kupogoa miunganiko ya neva. Kwa binadamu upogoaji huo huendelea katika ujana, na ugonjwa nao mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana.

Ukifika hapo, simama. Wengi wa marehemu hao walikuwa wamemeza dawa miaka mingi, na dawa zenyewe hubadilisha utendaji wa jeni. Isitoshe, hizo ni wastani za makundi. Usimwambie mtu "jeni ya mwanao imezimika". Wakiuliza kama wachange nauli ya Mombasa wakapige picha ya kichwa, jibu kwa uaminifu: picha husaidia kuondoa shaka ya uvimbe au maradhi mengine, lakini haithibitishi skizofrenia. Wala hakuna kipimo cha damu cha jeni kinachoithibitisha.

Hatua ya 4: Swali la ukoo. Litaulizwa kwa sauti ya chini, kwa sababu kuna dada anayeposwa. Ndugu wa mgonjwa ana hatari ya karibu 1 kati ya 10. Mtu yeyote, karibu 1 kati ya 100. Hata kwa mapacha wa kufanana, mmoja akiugua, mwenzake huugua chini ya nusu ya nyakati. Basi posa isivunjwe.

Hatua ya 5: Pima mwili. Hapa ndipo wengi wetu tunapolegea. Hata kabla ya dawa, uchunguzi umeonyesha kwamba wagonjwa wapya huwa na hitilafu ndogo katika kudhibiti sukari. Kisha olanzapine na clozapine, dawa za ugonjwa huu, huongeza uzito na sukari zaidi. Kabla ya dozi ya kwanza andika uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu. Uzito urudie wiki ya 4, ya 8 na ya 12, kisha kila miezi mitatu. Presha, sukari na mafuta wiki ya 12. Uzito ukiongezeka kwa asilimia 5, mwarifu daktari afikirie kubadilisha dawa.

Sukari ya kufunga (kabla ya kula) ikifika 7.0 mmol/L, rudia siku nyingine kabla ya kuiita kisukari. Anayetoka Kizingitini kwa boti huenda keshakunywa chai. Huyo mpime HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili mitatu, ikiwepo; haihitaji kufunga. Na Ramadhani isijakufika, uliza dawa humezwa saa ngapi, daktari aweze kuzihamishia usiku.