Breki ya kombi imekuwa ngumu? Kagua mpira kabla hujanunua busta

Nilikuwa nateremka Kimara kuelekea Ubungo na kombi yangu ya 1974, ile niliyoifunga kitanda na jiko la gesi kwa safari za porini, pedeli ya breki ikagoma. Ngumu kama nimekanyaga jiwe. Gari lilisimama, lakini kwa kusimamia mguu mmoja mpaka nikanyanyuka kitini. Fundi wa kwanza aliangalia dakika mbili akatoa hukumu: "Bosi, busta imekufa, tafuta nyingine." Busta ilikuwa nzima. Kilichokufa ni kipande cha mpira wa kupitishia hewa, chenye urefu wa kiganja.

Busta ni kifaa kinachousaidia mguu kukandamiza breki kwa kutumia vakyumu, yaani ule mvuto unaotokea kwenye manifoldi (mabomba yanayoingiza hewa kwenye injini) wakati injini inavuta hewa. Kwenye magari mengi injini na busta vimekaa jirani. Kombi ya Volkswagen injini iko nyuma na busta iko chini ya sakafu ya mbele, kwa hiyo vakyumu inasafiri karibu urefu wote wa gari: mpira, bomba la chuma uvunguni, kisha mpira tena. Na sisi wa Dar tuna hewa ya chumvi na madimbwi ya masika, bomba hilo halipati nafuu. Hakikisha kwanza kombi yako ina busta. Za zamani zenye breki za ngoma pande zote nyingi zilitoka bila hiyo, na pedeli yake ni nzito tangu kuzaliwa.

Hatua ya 1: pima kwa mguu. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara tano au sita mpaka pedeli iwe ngumu. Endelea kuikandamiza, kisha piga stata. Busta ikifanya kazi, utasikia pedeli inazama kidogo chini ya mguu. Isipozama, vakyumu haifiki au busta ni mbovu. Halafu acha injini iungurume dakika moja, zima, subiri dakika chache, kanyaga tena. Kanyago la kwanza linatakiwa liwe laini. Likiwa gumu papo hapo, vakyumu imetoroka, na mshukiwa wa kwanza ni vali ya njia moja.

Hatua ya 2: sikiliza nyuma. Washa injini, iache saileni (iungurume yenyewe bila kukanyaga mafuta), fungua mlango wa injini. Chukua kipande cha mpira mwembamba, ncha moja sikioni, nyingine ipitishe taratibu kwenye viungio vyote. Panapovuja panapiga mluzi. Wapo wanaopuliza petroli au dawa ya kusafishia kabureta ili wasikie injini ikibadilika. Usifanye hivyo kwenye injini ya moto, kombi ngapi zimeungua kwa ujanja huo? Tumia chupa ya kunyunyizia maji. Njia nyingine: bana mpira wa busta karibu na manifoldi kwa plaizi uliyoifunga kitambaa. Saileni iliyokuwa inatetereka ikitulia, uvujaji uko mbele ya hapo ulipobana.

Hatua ya 3: vali ya njia moja. Ufuate mpira kutoka kwenye manifoldi utaikuta. Ichomoe. Ukipuliza kwa mdomo kutokea upande wa busta, hewa ipite. Ukipuliza kutokea upande wa injini, izuie kabisa. Ikipitisha kote kote, tupa. Ukirudisha, angalia usiigeuze. Nimeshaletewa kombi iliyozunguka gereji tatu kwa sababu vali imefungwa kinyume.

Hatua ya 4: mpira wenyewe. Hapa ndipo mimi nilipoliwa. Aliyekuwa na gari kabla yangu alifunga mpira wa maji ule unaoonyesha ndani, wa duka la vifaa vya ujenzi. Asubuhi, ukiwa baridi, breki safi kabisa. Foleni ikikolea na chumba cha injini kikichemka, plastiki inalainika, mvuto unaifyonza kuta zinagusana kama mrija wa soda ulioziba. Hakuna mluzi, hakuna tundu, vakyumu haipiti tu. Ndiyo maana fundi hakuona kitu: alikagua gari likiwa limepoa. Kwa hiyo kagua injini ikiwa ya moto, ubonyeze mpira kwa vidole na kuukunja uone nyufa.

Ukienda kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar, kununua, beba kile kipande cha zamani mkononi, na sema wazi unataka mpira wa vakyumu ya breki: mnene, wenye nyuzi ndani au nje. Wa maji au wa hita usikubali hata ukiapiwa. Uingie kwa kukaza, ndipo ufunge klipu.

Hatua ya 5: uvunguni. Weka kigingi kwenye magurudumu, nyanyua, kalisha gari kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Legeza klipu za ncha zote za bomba la chuma. Kutu hupenda kujificha chini ya klipu hasa, panapotunza unyevu. Langu lilikuwa na tundu la sindano hapo hapo.

Hatua ya 6: busta. Imebaki hiyo tu? Injini ikiwa saileni, kanyaga na ushikilie. Mluzi ukisikika miguuni na injini ikayumba, diaframu, ule utando wa ndani ya busta, imechanika. Chomoa pia mpira wa mbele uchungulie ndani: ukikuta maji ya breki, sili ya nyuma ya masta (silinda kuu ya breki) imekwisha. Hapo ndipo huwa yanapotea yale maji unayoongeza kila wiki bila kuona tone sakafuni. Badilisha masta kwanza, la sivyo busta mpya nayo italowa.

Hatua ya 7: rudisha saileni. Hewa ya wizi, ile inayoingia kupitia panapovuja, hufanya mchanganyiko wa mafuta uwe hafifu, na mafundi huficha tatizo kwa kukaza skrubu ya kabureta. Ukishaziba, injini inaweza kunguruma juu kuliko kawaida. Irekebishe, kisha urudie kipimo cha hatua ya 1 injini ikiwa ya moto. Yangu niliipeleka tena Kimara saa kumi na moja jioni, foleni ikiwa imeshona, mguu mmoja tu ukafanya kazi na makalio yakabaki kitini.