Simu usiizime, inyamazishe tu

Mi ni fundi cherehani, na juzi kati nimeunguza kitenge cha mteja kwa pasi kisa klipu ya mtu anakimbizwa na bata mzinga, ikabidi nikilipe. Watu wakaniambia zima simu ukiwa kazini. Sasa oda zinakuja WhatsApp, hela inaingia kwa simu, nikizima watoto wanakula nini? Kwahiyo nikatafuta njia nyingine, na nyie wa Android jaribuni.

Anza na magrupu maana hapo ndo kuna kelele. Mi nilikuwa na kikoba, ukoo, waliosoma darasa la saba, mpaka kamati ya harusi ya watu ambao saivi wana mtoto wa pili na grupu bado linasalimiana asubuhi. Ingia kwenye grupu, gusa jina lake pale juu, tafuta sehemu ya notifikesheni, utapewa masaa 8, wiki moja au milele. Weka milele, usione aibu, hakuna atakayejua. Halafu ukiwa setingi za WhatsApp zima picha na video kujidaunlodi zenyewe, bando litakushukuru.

Pili ile Do Not Disturb, yaani setingi ya kunyamazisha simu nzima, wengi tunaijua ya kulalia tu kumbe mchana ndo tamu. Kwenye majina uliyosevu wape nyota mama, mume na mwalimu wa mtoto, ruhusu wenye nyota tu ndo simu zao ziite. Kuna na kipengele cha mtu akirudia kupiga ndani ya dakika 15 inaita, kiwashe, mwenye shida ya kweli huwa anarudia. Meseji za hela zinaingia kimyakimya, mteja akisema "nimetuma dada" unafungua unaangalia.

Kuhusu TikTok, Digital Wellbeing, ile sehemu ya setingi inayohesabu muda unaotumia kwenye simu, inakuwekea kikomo, mfano dakika 30, zikiisha app inafungwa mpaka saa sita usiku. Ila kikomo unaweza kukitoa mwenyewe, na mi nimekitoa sana tu, mwisho nikaifuta app. Nikiitaka naipakua upya na bando nalisikilizia, basi hamu inaisha hapohapo.

Na simu ikae mbali na mkono, yangu iko juu ya kabati la vitambaa. Kinachonishinda ni tochi, naichukua nimulike tundu la sindano, nakuja kushtuka niko stetasi ya saba, uzi bado uko mdomoni.