Punda akikwama kuzaa

Wengi wanaonipigia simu usiku kwa ajili ya punda wamezoea ng'ombe, na taabu huanzia hapo. Ng'ombe husukuma saa nzima na ndama akatoka hai. Punda, sawa na farasi, hana muda huo: kondo la nyuma hubanduka mapema, mtoto akakosa hewa angali tumboni. Kwa hiyo chupa ikipasuka tu, tazama saa. Kwa kawaida mtoto huwa nje ndani ya nusu saa.

1. Zikipita dakika kumi na hakuna kilichochungulia, mpigie daktari wa mifugo. Asipohitajika, atarudi kulala.

2. Angalia kinachotangulia. Kizuri ni utando mweupe, ndani yake kwato mbili, moja mbele kidogo ya nyingine, nyayo zikitazama chini, pua imelalia miguu. Ukiona mfuko mwekundu kama mahameli, hapo usisubiri mtu: ni kondo limetangulia. Upasue papo hapo, mtoe mtoto.

3. Nyayo zikitazama juu, mtoto anakuja kinyumenyume au yuko chali. Hapo, na pia ukiona mguu mmoja tu au pua bila miguu, usivute. Msimamishe mama, mtembeze polepole. Akitembea hupunguza kusukuma, na daktari anapata nafasi ya kufika.

4. Mtoto akiwa amekaa sawa ila hatoki, nawa mpaka viwikoni, shika miguu yote miwili juu ya kwato. Vuta mama anaposukuma, pumzika anapopumzika. Acha mguu mmoja utangulie ili mabega yapite moja moja, na uvute kushuka kuelekea miguu ya mama, si moja kwa moja nyuma. Watu wawili wanatosha. Niliwahi kukuta kamba imefungwa kwenye pikipiki, injini inanguruma. Mtoto alishakufa, na mama tulimpoteza kesho yake.

5. Akitoka, futa pua. Kitovu kiache kikatike chenyewe mama akiinuka, kisha kipake dawa ya kuua vijidudu.

6. Kondo linaloning'inia lifunge fundo lisikanyagwe. Usilivute. Saa tatu zikipita halijatoka, mpigie daktari tena, hata kama mama anakula majani vizuri. Mtoto awe amesimama ndani ya saa moja, na amenyonya ndani ya mbili.