Kabla ya Kuinua Maboya Naivasha

Sisi wa Nairobi hatuna ziwa la kutelezea kwa skii. Bwawa la Nairobi, pale kati ya Kibera na Lang'ata, lilishamezwa na magugu maji, kwa hiyo Jumamosi yetu huanzia barabara ya Naivasha kungali giza. Basi kagua vitu vyako Ijumaa jioni, uani kwako. Ukikumbuka jambo ukiwa Mai Mahiu, hilo limeshakupita.

Anza na hewa. Njia ya slalomu, yaani ile ya maboya ambayo mtelezaji huyazunguka kwa zigizaga akivutwa na boti, ina urefu wa mita 259 kutoka lango la kuingilia hadi la kutokea, na maboya sita ya kuzunguka, kila moja mita 11.5 kutoka mstari wa boti. Njia ya aina inayozama hushikwa chini ya maji kwa kebo na mabomba: ukiipa hewa inapanda, ukiitoa hewa inashuka. Washa kompresa, jaza mpira wa hewa, kisha paka maji ya sabuni kwenye viungio na valvu. Povu likichemka, hapo panavuja. Mimi niliwahi kudharau povu dogo tu, tukashinda asubuhi nzima tukitazama upande mmoja wa njia ukielea na mwingine ukigoma. Afadhali isiinuke kabisa, kwa sababu kebo iliyoning'inia katikati ya maji haionekani, na propela ya boti ya mtu mwingine ndiyo itakayoigundua.

Kina nacho hakitabiriki. Ziwa lilipofurika mwaka 2020 lilimeza migunga ya ufuoni, na mashina yake mengine bado yamesimama chini ya maji. Ukifika, pima kwa kamba yenye jiwe hata kama ulipima mwezi uliopita.

Halafu kuna wenyeji. Mpigie simu mtu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, usiku huo huo, umuulize nyavu zimetegwa wapi na zitatolewa saa ngapi. Nyavu hutegwa jioni na kuvuliwa asubuhi, saa zile zile unazozitaka wewe, maana kufikia mchana upepo huwa umeshachafua maji. Asiposhika simu, mimi sitoki nyumbani. Kuhusu ruhusa ya kuweka mtambo wenyewe, hiyo ilipaswa kumalizwa zamani. Ziwa hili limo katika orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu 1995.

Viboko hurudi majini alfajiri baada ya kulisha usiku, kwa hiyo kaa mbali na mafunjo.

Injini itakuwa nzito. Naivasha iko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake huko. Kasi ya juu ya mashindano ni kilomita 58 kwa saa kwa wanaume na 55 kwa wanawake. Usishangae boti ikichelewa kuifikia. Beba propela ya akiba, kisu cha kukatia kamba, jaketi okozi za wote, na mtu wa pili botini ambaye kazi yake ni kumtazama mtelezaji tu.

Mkimaliza, toeni hewa kisha hesabuni maboya yanavyozama, moja moja. La mwisho likishapotea, pitisheni boti polepole juu ya njia nzima, halafu mpigie yule wa BMU umwambie pako wazi.